Namna ya kuhukumu upya Nagano 1998 kwa kanuni mbili: mwongozo wa barzani

Huu ni mchezo wa kuteleza kwa madaha barafuni, na kanuni mbili ni ile ya zamani ya 6.0 na ile ya pointi iliyoishika nafasi yake. Anzeni na Wamarekani Tara Lipinski na Michelle Kwan, onyesho huru (lile refu) la wanawake, Olimpiki ya Nagano. Wote wawili walimaliza bila kuanguka, na bado majaji tisa waligawanyika: sita kwa Lipinski, watatu kwa Kwan. Shindano ambalo mmoja kaanguka halifundishi kitu, kwani mara nyingi kanuni zote mbili zitasema lile lile.

1. Matayarisho

Watu watano wanatosha, muhimu idadi iwe witiri. Kila mtu na daftari lake, na asiseme mtu neno mpaka alama ziandikwe. Video zipakuliwe mchana, umeme na mtandao vikiwa vizuri. Mkikutana baada ya Isha na picha ikawa inakwama, hakuna atakayeweza kuona kiatu kimetua vipi.

2. Mzunguko wa kwanza: kanuni ya 6.0

Tazameni mara moja tu, kwa kasi ya kawaida, bila kusimamisha. Kwan kwanza, kama ilivyokuwa siku ile. Kila mmoja aandike alama mbili, ya ufundi na ya uwasilishaji, kila moja kutoka 0 hadi 6.0, kwa desimali moja, kisha ajumlishe. Jumla zikilingana, kwenye onyesho huru inayoamua ni alama ya uwasilishaji.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanatafuta wastani. Msitafute. Alama ya zamani kazi yake ilikuwa kupanga nafasi tu. Angalieni kila daftari limemweka nani wa kwanza. Mwenye madaftari matatu kati ya matano kashinda. Ndiyo maana aliyetangulia kuingia barafuni alibanwa. Kwan alifungua kundi la mwisho, na jaji akimpa 5.9 kwa ufundi, kwa wanaofuata anabakiwa na nafasi ndogo mno. Mtalihisi jambo hili wenyewe kalamu ikiwa mkononi.

Kisha changanyeni na onyesho fupi, lililotangulia lile huru, ambalo nafasi yake ilizidishwa kwa 0.5; nafasi ya onyesho huru ilihesabiwa nzima. Kwan: wa kwanza (0.5), wa pili kwenye huru (2.0), jumla 2.5. Lipinski: wa pili (1.0), wa kwanza (1.0), jumla 2.0. Mwenye jumla ndogo ndiye bingwa.

3. Mzunguko wa pili: kanuni ya pointi, kuhesabu miruko

Sasa simamisheni video mtakavyo. Kwenye simu shusheni kasi hadi 0.25, kwenye kompyuta, YouTube husogea picha moja moja kwa kitufe cha nukta na cha mkato. Kila aina ya mruko ina jina na thamani yake. Tumieni kanuni za msimu wa 2022-23; thamani za miruko ya mizunguko mitatu hewani: Lutz 5.9, flipi 5.3, lupu 4.9, Salchow 4.3, tolupu 4.2. Axel ya mizunguko miwili ni 3.3.

Kwa kila mruko tazameni vitu viwili. Cha kwanza ni kuondoka: Lutz huanzia makali ya nje ya kisu cha mguu wa kushoto, flipi makali ya ndani. Kwenye Lutz, mguu ukilala ndani dakika ya mwisho, hiyo si Lutz halali na thamani hushuka hadi asilimia 80. Cha pili ni kutua. Simamisheni pale kisu kinapogusa barafu. Kikikosa zaidi ya robo ya mzunguko lakini chini ya nusu, thamani ni asilimia 80. Nusu au zaidi, mruko unahesabiwa wa mizunguko miwili. Kamera ikiwa imekaa vibaya na hamwoni, mpeni mtelezaji haki yake.

Chukueni lupu mbili mfululizo za Lipinski. Zikikubaliwa zote ni 9.8, na alama ya ubora (jinsi miruko ilivyofanywa) ya +2 inaongeza 0.98 (kila daraja ni asilimia 10 ya mruko wenye thamani kubwa zaidi): 10.78. Mkiamua ya pili imepungukiwa, ni 4.9 na 3.92, na kwa ubora wa -2 mnabaki na 7.84. Picha moja, tofauti ya pointi 2.94. Ule mfululizo wake wa tolupu, nusu lupu na Salchow karibu na mwisho kwa thamani hizo una 9.0 (nusu lupu ni 0.5), na kwa kuwa umo miongoni mwa miruko mitatu ya mwisho, huzidishwa kwa 1.1.

Alama ya ubora kila mtu aandike peke yake, kutoka -5 hadi +5. Futeni ya juu na ya chini, chukueni wastani wa tatu zilizobaki.

4. Alama za programu

Utunzi, uwasilishaji na ustadi wa kuteleza, kila kimoja hadi 10, jumla izidishwe kwa 2.67. Hapa Kwan hupanda sana, na kwa haki: tazameni anavyobadilisha makali bila kupoteza kasi.

Mizunguko ya papo hapo, yaani kuzunguka mahali pamoja juu ya barafu, msiipe daraja la ugumu. Programu za 1998 hazikutungwa kwa masharti ya sasa, na kumnyima pointi mtu kwa sharti ambalo halikuwepo ni dhulma. Wapeni wote thamani sawa, mlinganishe yaliyobaki.

5. Shindano la pili

Nendeni Olimpiki ya Salt Lake City 2002, pia kwa wanawake. Sarah Hughes alikuwa wa nne baada ya onyesho fupi, akalingana na Irina Slutskaya kwa jumla ya nafasi ya 3.0, na kushinda onyesho huru kwa majaji watano dhidi ya wanne ndiko kulikompa dhahabu. Anzeni na Salchow yake iliyofuatwa na lupu, na msimamishe pale lupu inapogusa barafu.