Yaondoe maji njiani kwanza, kokoto baadaye

Misimu mitatu ya mvua nilijaza kokoto mashimo yale yale kwenye njia ya kuingilia kwangu, na kila mvua zikikatika nilizikuta kokoto zangu bondeni. Kama na wewe uko hapo, usiagize lori jingine kwanza.

Subiri mvua kubwa, vaa buti, utoke nje na fungu la vijiti. Kila maji yanapoingia njiani, chomeka kijiti. Yanapotokea, chomeka kingine. Mimi nilikuta yanaingia sehemu moja tu, juu kabisa, kisha hayapati pa kutokea. Pembeni palikuwa na kijituta cha udongo na nyasi, kimo cha vidole vinne, kilichojengeka chenyewe miaka yote matairi yakisukuma udongo kando. Kijituta hicho ndicho kilichoigeuza njia kuwa mtaro.

Kwa hiyo anza na jembe. Kwangua kijituta chote, pande zote mbili, na udongo wake wenye mizizi usiurudishe njiani. Unanyonya maji na kugeuka tope.

Kisha ipe njia mgongo: katikati pawe juu, kingo chini, kwa mteremko wa sentimita 4 hivi kila mita. Njia ya upana wa mita 3, basi, katikati inazidi kingo kwa sentimita 6. Macho hudanganya sana hapa. Chukua ubao ulionyooka wa mita 1, uulaze kukatiza njia, ncha ya upande wa chini iegemee kipande cha mti chenye unene wa sentimita 4, na juu yake weka pimamaji, kile kifaa cha fundi cha kupima usawa. Povu likitulia katikati, mteremko ni sahihi.

Mtaro wa kando uchimbe kwa umbo la bakuli. Kuta zilizosimama wima hubomoka. Nyasi zikiota ndani ziache, zifyeke tu, maana zinashika udongo. La muhimu kuliko yote, usiyaache maji yasafiri mtaroni mwendo mrefu: yachepushe kidogo kidogo kuelekea penye majani, na mteremko ukiwa mkali michepuo iwe karibu karibu. Mdomo wa kila mchepuo upange mawe. Na yasiishie kwa jirani, tafadhali. Shamba lake likichimbika, umemhamishia tatizo lako.

Maji yakilazimika kuvuka njia, weka kalvati, yaani bomba la kupitisha maji chini ya njia. Bomba la kipenyo cha sentimita 30 huzibwa upesi na majani, kwa hiyo ningekushauri la 45. Lipe mteremko wa sentimita 2 kila mita, lichomoze kupita kingo za njia, na juu yake pawe na udongo usiopungua sentimita 30, ulioshindiliwa tabaka kwa tabaka.

Sasa ndiyo zamu ya kokoto: zilizopondwa, zenye kona, zikichanganyika na vumbi lake ili zishikane. Za mtoni, zile za mviringo, zinabiringika chini ya tairi.

Mvua ya kwanza baada ya kazi, toka tena na vijiti. Kwangu lilibaki dimbwi moja juu ya kalvati, niliposhindilia kwa haraka. Nililijaza kesho yake, alama ya tope ikiwa bado inaonyesha lilipofika.