Kupiga Picha ya Mtu kwa Kamera ya Kale ya Filamu za Bapa

Anayepiga picha ya mtu kwa kamera ya kale ya filamu za bapa, zile za inchi 4 kwa 5, husumbuliwa zaidi na sekunde chache zilizopo baina ya kulenga na kufyatua kuliko na mashine yenyewe.

Usiku uliotangulia, washa tochi ndani ya mvukuto, ile sehemu ya mikunjo inayounganisha lenzi na mgongo wa kamera, chumbani gizani, uone kama mikunjo inavuja mwanga. Futa vumbi la kiangazi kwenye vibebeo vya filamu (fremu bapa zinazoikinga filamu na mwanga), kisha uzime tochi na kupakia: filamu ikiwa wima na mapengo ya ukingoni yakiwa juu kulia, upande wenye dawa inayonasa mwanga unakutazama.

Hapa Tabora mwembe unatosha kuwa studio. Kiti kiwe ukingoni mwa kivuli, kikielekea anga iliyo wazi, kwa kuwa katikati jua hupenya majani na kutia mabaka usoni. Kiwe na egemeo. Juu ya kigoda mtu huyumba bila kujijua.

Jifunike kitambaa cheusi, fungua lenzi yote, na ulenge jicho lililo karibu nawe, ingawa kwenye kioo cha kulengea, nyuma ya kamera, mtu anaonekana kichwa chini miguu juu. Kwa lenzi ya milimita 210 iliyofunguliwa f/8 (kipimo cha upana wa tundu la lenzi), jicho hutoka kali na sikio tayari limefifia. Ndiyo maana mimi hufunga uzi kwenye stendi, nikaufikisha kwenye shavu na kupiga fundo, ili nijue kama kichwa kimesogea. Msaidizi huupima tena kabla sijafyatua, kisha huuondoa. Salamu nazo zimalizike mapema: niliwahi kumwamkia bibi mmoja nikiwa nimekwisha kulenga, naye akaitikia "marahaba" kwa kuinamisha kichwa, na filamu iliposafishwa kilichoonekana vizuri kilikuwa ukingo wa kilemba chake.

Kwa filamu ya ISO 100 (kipimo cha wepesi wa filamu kunasa mwanga) katika kivuli hicho, anza na f/8 kwa 1/50 ya sekunde. Mvukuto ukivutwa hadi milimita 300, mwanga unaofika hupungua kwa nusu, hivyo tumia 1/25.

Sasa funga lenzi, weka f/8, tega shata (kilango cha lenzi kinachofunguka ukifyatua), ingiza kibebeo, vuta kifuniko chake, hakiki uzi, ufyatue. Kifuniko kirudi upande mweusi ukitazama nje, usije ukaipiga filamu hiyo mara ya pili.