Moto nyumbani: kwanza njia ya kutokea

Wapendwa wanachama, somo la leo nimewaandikia hasa wanaoishi kwenye ploti za Manyatta, Nyalenda, Kaptembwa na kwingineko ambako nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta. Wengi wanaokufa nyumba inapoungua huuawa na moshi kabla moto haujawafikia. Na aliyelala haamshwi na harufu yake. Sumu iliyomo humzidishia usingizi. Kwa hiyo kutoka kunakuja kabla ya kuzima.

Hatua ya 1: Njia ya kutokea. Ukifunga kufuli kwa ndani, ufunguo ukae mahali pamoja kila usiku, pale mtoto anapofika. Grili za dirisha humzuia mwizi, lakini pia humfungia mwenye nyumba. Wenye ploti, nawasihi, grili moja ya kila nyumba iweze kufunguliwa kutoka ndani. Kisha zimeni taa jioni moja na mtambae na watoto hadi mlangoni, kwa kuwa moshi hupanda na hewa nzuri hubaki karibu na sakafu. Mtoto mwenye hofu hujificha chini ya kitanda au kabatini, na waokoaji humpita bila kumwona. Mwambieni mara kwa mara: moto ukiwaka hatujifichi, tunatoka, tunakutana langoni, na hakuna anayerudi ndani kuchukua simu wala godoro.

Hatua ya 2: Gesi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa chini na kujikusanya. Yenyewe haina harufu. Ile tunayoinusa imetiwa makusudi ili itutahadharishe. Baada ya kubadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye valvu, reguleta na mpira. Povu likifura, pana uvujaji. Usikague kwa kiberiti! Ukinusa gesi usiku, usiwashe taa, na kama taa inawaka usiizime, kwa sababu swichi hutoa cheche. Funga valvu, fungua milango, toeni watu, na simu ipigwe mkiwa nje.

Hatua ya 3: Jiko la makaa. Wenzetu wa Molo na Nakuru, baridi ya Julai naijua, lakini jiko lisilale ndani. Makaa yaliyokolea, yasiyotoa moshi wowote, ndiyo hudanganya watu. Hutoa kaboni monoksidi, isiyoonekana wala kunuka, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kikiuma, kichefuchefu kikianza na miguu kulegea, tokeni nje mara moja.

Hatua ya 4: Umeme. Ekstensheni moja isibebe pasi, hita na jiko kwa pamoja. Plagi ikiwa moto ukiigusa, zima na uiite fundi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama muuza samaki, Dunga: Karai la mafuta likishika moto nifanye nini?

Mama, maji kamwe. Maji huchemka kwa nyuzi 100, na mafuta yanayowaka yamepita 300. Maji yanazama chini ya mafuta na kugeuka mvuke papo hapo, mvuke unaotaka nafasi karibu mara 1,700, basi mafuta yanarushwa yakiwaka hadi darini. Zima jiko kama unalifikia, telezesha sinia la chuma juu ya karai, uliache lipoe. Usilibebe kwenda nje.

Baba wa watoto wawili, Kakamega: Mtoto akimwagikiwa uji, tumpake dawa ya meno?

Hapana, wala yai, wala samli. Watoto wadogo huunguzwa na chai, uji na maji ya moto kuliko na moto wenyewe. Mvue nguo isiyogandamana na ngozi, umwagie maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila barafu. Funika kwa kitambaa safi, muende hospitali.

Kijana wa boda, Salgaa: Lori la mafuta likianguka na halijawaka, hatari iko wapi?

Ndugu yangu, iko kwenye mvuke. Petroli hutoa mvuke mzito unaosambaa chini usiuone, na injini ya pikipiki yako inatosha kuuwasha. Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009, watu walikuwa wakichota mafuta pale yalipolipuka. Zaidi ya 100 walikufa. Julai 2021 yakatokea tena Malanga, Siaya. Ukiona lori limeanguka, geuza pikipiki ukiwa mbali na uwazuie wanaokuja na mitungi.

Dada wa Kondele: Tupige namba gani?

999 au 112. Andika pia namba ya zima moto ya kaunti yako ukutani. Ploti nyingi hazina anwani, kwa hiyo taja kanisa, shule au steji iliyo karibu, na mtu mmoja asimame barabarani kuwaelekeza wazima moto.