Ukuta Unatoa Jasho: Jua Maji Yanatoka Wapi Kabla Hujanunua Rangi

Mvua ndefu zikianza Machi, kuta zilizopakwa rangi Januari huvimba tena. Rangi inababuka chini ya dirisha, kona ya nyuma ya kabati inaota madoa meusi, na nguo zilizokunjwa zinatoa harufu ya uvundo. Mwenye nyumba anamtuma fundi alete debe jingine la rangi. Pesa hiyo inapotea, kwa sababu rangi haitoi maji yaliyokwisha kuingia ukutani wala mvuke uliojaa chumbani. Ukiondoa bomba linalovuja, maji ya ukutani yana njia tatu: hupanda kutoka ardhini, huingia na mvua, au hutoka katika hewa ya humo ndani. Kila njia ina dawa yake, na dawa ya moja haiponyi nyingine.

Kutambua chanzo

Maji ya ardhini huacha mstari kama wa mawimbi kando ya ukuta, kwa kawaida chini ya mita moja kutoka sakafuni. Kwenye mstari huo utaona unga mweupe. Ni chumvi iliyopanda na maji kisha ikabaki maji yalipokauka. Mahali penye chumvi nyingi kuvu jeusi halistawi vizuri, kwa hiyo ukiona kuvu limetanda chini kabisa ya ukuta, usikimbilie kulaumu msingi.

Maji ya mvua huwa na doa lenye mahali pake: chini ya kizingiti cha dirisha, pembeni pa gata, au pale bati lilipokutana na ukuta. Doa hilo hukua siku ya mvua au kesho yake, na hufifia kiangazi.

Mvuke ndio unaodanganya wengi. Madoa yake hukaa kwenye kona, nyuma ya kabati, juu ya dirisha na chini ya mabati, na huja hata wiki ambayo haikunyesha. Asubuhi vioo vina matone.

Ukibaki na shaka, fanya jaribio hili. Pangusa ukuta hadi uso wake ukauke. Kata vipande viwili vya nailoni angavu, futi 1 kwa futi 1. Bandika kimoja karibu na sakafu na kingine usawa wa kifua, ukifunga pande zote nne kwa selotepu pasipoachwa tundu. Ngoja siku moja hadi mbili. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakiwa mbele, upande wa chumba, ni mvuke. Kipande cha chini kikilowa nyuma na cha juu kikabaki kikavu, hiyo ni ardhi.

Mvuke, na jinsi ya kuutoa

Watu hawaamini ni maji mengi kiasi gani yanayozalishwa ndani ya chumba kimoja. Kila kilo ya gesi ya kupikia inapoungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji. Maana yake mtungi wa kilo 6, hadi uishe, umemwaga lita 9 hivi za maji hewani, mbali na mvuke wa sufuria yenyewe. Watu wanne wakilala usiku mzima wanapumua na kutoa jasho la zaidi ya lita moja. Beseni moja la nguo zilizokamuliwa kwa mkono na kuanikwa ndani linaweza kuachilia lita mbili au zaidi. Katika chumba cha futi 10 kwa 10 kule Kaptembwo mjini Nakuru au Nyalenda mjini Kisumu, familia inapopika, inapolala na kuanika humo humo, maji hayo lazima yapate pa kwenda. Yasipotoka yatatua mahali pa baridi zaidi.

Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, mahali hapo ni bati. Usiku wa anga safi bati hupoteza joto lake haraka hadi likawa baridi kuliko hewa ya ndani. Mvuke unaligusa, unageuka matone, na alfajiri yanadondoka kitandani. Wapangaji wengi hudhani bati limetoboka. Wanaita fundi aongeze lami kwenye misumari, na kesho yake matone yanarudi pale pale. Kisumu ni chini zaidi, mita 1,130 hivi, karibu na ziwa. Huko baridi si tatizo. Hewa yenyewe imebeba mvuke, kwa hiyo kitu kilicholowa hukauka polepole. Kakamega mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na ukuta wa matofali ya kuchoma usiopigwa plasta nje haupati nafasi ya kukauka.

Hewa haitembei mpaka iwe na pa kuingilia na pa kutokea. Dirisha moja, hata kubwa, hupunga hewa ya karibu nalo tu. Kona ya mbali hubaki imetulia. Kipimo kizuri kwa chumba ni dirisha lenye ukubwa wa sehemu moja ya kumi ya sakafu, na angalau nusu yake iwe inafunguka. Kwa chumba cha futi 10 kwa 10 hiyo ni futi mraba 10 za dirisha, tano zikifunguka. Mbali na dirisha, toboa matundu ya hewa yasiyofungwa katika kuta mbili zinazoelekeana. Hewa moto na yenye mvuke hupanda, kwa hiyo tundu la kutokea liwe juu kadiri inavyowezekana.

Kulitengeneza ni kazi ya nusu siku. Chora mstatili wa inchi 9 kwa 6 kwenye kozi (safu ya mawe au matofali) iliyo juu ya linta, boriti ya zege iliyo juu ya dirisha, si kwenye linta yenyewe wala kwenye zege la kuzungushia ukuta lenye vyuma. Ukikata chuma hicho umedhoofisha nyumba. Toboa pembe nne kwa drili, kisha ondoa katikati kwa patasi na nyundo ndogo, ukienda katikati kutoka pande zote mbili ili plasta ya ndani isibomoke vipande vikubwa. Lainisha kingo kwa simiti kwa mchanga 1 kwa 4, na sakafu ya tundu iiname nje kama sentimita moja ili mvua isirudi ndani. Mwagilia simiti hiyo kwa siku tatu. Upande wa nje weka kofia ya bati iliyokunjwa, inayotokeza inchi 4.

Wavu usikosekane. Kanda ya ziwa ina malaria nyingi, na mbu wanaoieneza hupenda kuingilia kwenye uwazi kati ya ukuta na paa. Wavu wa mbu una gharama yake lakini: nyuzi zake hupunguza hewa inayopita, na vumbi na masizi huziba vijitundu vilivyobaki. Kwa hiyo fanya tundu liwe kubwa kidogo kuliko ambavyo ungelifanya bila wavu, ufunge wavu kwa fremu ya mbao yenye skrubu nne, na uufungue kuupiga brashi kila baada ya miezi miwili. Wavu uliopigiliwa misumari hausafishwi na mtu yeyote, na mwaka unapoisha tundu limeziba.

Kuna jambo la Nakuru, Njoro na Molo ambalo lazima lisemwe waziwazi. Julai baridi inapozidi, watu huziba matundu haya kwa matambara na magazeti, kisha huingiza jiko la makaa ndani ili walale na joto. Makaa yanayowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na jiko linaloonekana limetulia bila moshi ndilo linaloitoa bila mtu kushtuka. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Mtu huyo atolewe nje mara moja na apelekwe hospitalini. Jiko lenye makaa lisilale ndani, tundu liwepo au lisiwepo. Baridi itibiwe kwa blanketi, na kwa pazia zito mlangoni.

Saa za kufungua nazo hutofautiana. Nakuru asubuhi na mapema hewa ya nje ina ukungu. Fungua kuanzia saa tatu au saa nne, jua likishapasha ukuta, na ufunge saa kumi na moja jioni. Kisumu upepo wa ziwa huja mchana, kwa hiyo fungua madirisha yanayotazama ziwani na yale ya upande wa pili kwa pamoja, mlango wa katikati ukiwa wazi. Wakati wa kupika, popote pale, fungua dirisha kabla ya kuwasha na uliache wazi robo saa baada ya kuzima. Funika sufuria. Mfuniko peke yake hupunguza mvuke sana, na maharagwe yanaiva mapema.

Kwa jiko la kuni, bomba la moshi la inchi 4 hadi 6 lipite juu ya paa na kulizidi kwa futi 2, lisiishie chini ya mabati kama linavyofanywa mara nyingi. Likiishia humo, moshi na mvuke hurudi ndani na mbao za paa huota masizi ya kunata.

Paa lenyewe likiwa bati tupu, weka dari, na uache nafasi ya futi moja au zaidi kati yake na bati. Nafasi hiyo nayo ipate matundu pande zote mbili za pembe tatu za paa. Dari isiyo na matundu juu yake huoza kimya kimya, na utajua tu siku ubao unapopinda.

Mvua

Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja kamili. Paa la mita 6 kwa 8 likipigwa na mvua ya milimita 40, jambo la kawaida jioni moja ya Aprili huko magharibi, linamwaga lita 1,920. Bila gata maji hayo yote yanaanguka mguuni pa ukuta na kurusha matope hadi futi mbili juu. Funga gata ikiwa na mwinamo wa sentimita 1 kwa kila mita 1, vishikizo visiachane zaidi ya sentimita 90, na bomba la kushukia lipeleke maji mbali, kwenye tangi au mtaro. Kizingiti cha dirisha kitokeze nje ya ukuta na kiwe na mfereji mwembamba chini yake, ili tone lianguke badala ya kufuata ukuta.

Ardhi

Nyumba nyingi za mawe na matofali zina karatasi ya kuzuia unyevu wa ardhini, iitwayo DPC, juu ya msingi, na bado zinalowa. Sababu ni kwamba maji yamepewa daraja la kuivuka. Udongo wa bustani umerundikwa hadi juu ya karatasi. Au veranda imemwagwa simiti juu zaidi yake. Au plasta ya nje imeteremshwa mpaka ardhini. Chukua jembe kwanza. Ondoa udongo hadi uwe inchi 6 chini ya DPC, kata plasta inayoivuka, kisha mwaga ukanda wa zege wenye upana wa futi 2 hadi 3 kuzunguka nyumba, ukiinama nje. Kwenye udongo mweusi wa tambarare za Kano, karibu na Kisumu, ukanda huo uwekwe juu ya kifusi kilichoshindiliwa, na ukatwe viungo kila mita 1.5, kwa maana udongo ule huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, nao utavunja zege refu lisilo na kiungo.

Ndani, kwangua plasta iliyoharibika hadi futi moja juu ya mstari wa chumvi. Piga brashi kavu, zoa unga wote na uutoe nje. Usiuoshe, maji huurudisha ukutani. Kisha ngoja. Ukuta hukauka kwa kadiri ya mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, kwa hiyo ukuta wa inchi 6 unahitaji karibu nusu mwaka, matundu yakiwa wazi. Hapa ndipo subira huwashinda wengi, nasi tunaelewa kwa nini, lakini plasta mpya juu ya ukuta mbichi itavimba kabla ya mwaka kwisha. Ukirudi kupiga plasta, tumia simiti 1, chokaa 1 na mchanga 6. Mchanganyiko huo huruhusu ukuta kupumua kuliko simiti kali. Rangi ya mafuta iepuke kabisa kwenye ukuta huo. Paka rangi ya maji.

Kuvu na chumba cha kupanga

Usifagie kuvu kavu, mbegu zake hutawanyika chumba kizima. Vaa glavu, funika pua, fungua dirisha, osha kwa sabuni na maji. Kisha paka dawa ya klorini ya kufulia, kipimo 1 kwa maji 10, uiache robo saa na usuuze. Usiichanganye kamwe na asidi ya kusafishia choo, kwani hutoa gesi inayochoma mapafu. Dari ya bodi laini iliyoota kuvu ndani haisafishiki, ing'oe.

Mpangaji asiyeweza kutoboa ukuta bado ana la kufanya. Sogeza kabati inchi 3 kutoka ukutani, hasa ukuta wa nje. Godoro lisilale sakafuni; liweke juu ya mbao zenye nafasi, na ulisimamishe mchana. Ondoa magazeti yaliyoziba venti. Na mwenye nyumba umwonyeshe kile kipande cha nailoni kikiwa bado kimebandikwa, kabla hajaagiza rangi. Mwombe kazi ya nje, yaani gata, udongo na zege, ifanywe Januari au Februari, wakati ardhi ni kavu. Wiki mbili baada ya mvua za kwanza, bandika nailoni nyingine pale pale uone kama upande wa nyuma umebaki mkavu.