Kabla ya kukata chipukizi la kwanza: kuandaa chumba cha migomba ya tishu

Anayetaka kuzalisha miche ya migomba kwa tishu, yaani kwa kukuza vipande vidogo vya mgomba chupani, huwaza kwanza homoni na kabati la hewa safi la kukatia vipande. Mimi ningemshauri aanze na chumba cha kuoteshea. Kipande cha mgomba kikishafungiwa chupani hakina pa kukimbilia. Kitaishi na joto, mwanga na hewa ulivyovipanga.

Joto linalofaa ni nyuzi 25 hadi 28 za Sentigredi, lakini usiridhike na kipimajoto cha ukutani. Ingiza kipimajoto chembamba kwenye chupa yenye agari (kitu kinachogandisha chakula cha mche), iweke rafu ya juu, washa taa zote, kisha usome saa nane mchana. Taa za rafu ya chini hupasha sakafu ya rafu iliyo juu yake, na hewa ya ndani ya chupa huwa na joto kuliko ya chumbani. Kitako cha chupa kikipata moto, maji hupanda kama mvuke na kuganda matone kwenye kifuniko. Humo ndani majani huanza kuonekana kama kioo: yamevimba maji, yanakatika upesi, na mche wake hauhimili udongo. Basi acha nafasi ya hewa chini ya kila rafu, na ukiweza tumia taa za LED.

Umeme nao upangie mapema. Ukikatika usiku, chumba hupoa, hewa ya chupani hunywea na kuvuta ya nje, pamoja na mbegu za ukungu. Chumba chenye vumbi kitakulipisha hapo hata kama ulikata kwa mikono safi kabisa.

Taa ziwe na saa ya kuzizima zenyewe: saa 16 za mwanga, 8 za giza. Vipande vipya vya mgomba, hata hivyo, hutoa utomvu unaogeuka mweusi na kuvidhuru. Tenga kona yenye giza kwa siku za mwanzo, andaa vitamini C ya kuongeza kwenye chakula, na chupa za akiba za kuvihamishia vikianza kuweusha agari.

Kwa chakula hicho wengi hutumia fomula ya Murashige na Skoog ya 1962, yenye sukari gramu 30 kwa lita. Pima pH (kipimo cha uchachu), ifike 5.8 kabla ya kuchemsha kwa mvuke wa nyuzi 121, kwani baada ya hapo hushuka kidogo, na ikiwa chini mno agari haigandi vizuri. Chupa zenye chakula ziache wiki nzima bila kipande uone kama zitaota chochote.

Mgomba mama lazima upimwe virusi. Tishu peke yake haisafishi virusi. Mama akiwa mgonjwa, utazalisha wagonjwa kwa maelfu. Andika tarehe ya kila mgawanyo tangu siku ya kwanza, maana vipande vikigawanywa zaidi ya mara 8 hadi 10, migomba iliyobadilika maumbile huongezeka, na mkulima huigundua shambani akiwa ameshalipa.

Banda la kukomazia nalo lisimame kabla ya kukata, likiwa na kivuli na nailoni ya kushika unyevu. Majani ya chupani hayajajifunza kuzuia maji yasipotee, na mche uliokwisha kuota mizizi hausubiri fundi amalize kupaua.