Holi za bustani ya umma: jinsi ya kuzitunza

Anza na jinsia. Holi, miti ya jamii ya *Ilex* ambayo mingi ina majani ya miiba na matunda mekundu, ni kama mpapai: kuna mti dume na mti jike, na jike lisilo na dume karibu halizai, isipokuwa aina chache kama 'J.C. van Tol'. Wala usidanganywe na majina: 'Golden King' ni jike, 'Silver Queen' ni dume! Subiri maua, ambayo Uingereza huchanua mwezi Mei, uchume moja ulitazame kwa karibu. Likiwa na kidonge cha kijani katikati na stameni (vijiti vya kiume vya ua) nne zilizosinyaa, ni jike. Stameni zikiwa zimebeba unga wa njano, ni dume. Andika daftarini jinsia, namba ya mti na ulikotoka. Kibao usikifunge shinani kwa waya uliokazwa, kwani shina likinenepa waya huzama kwenye gome.

Acha nafasi ya mita 5 hivi kati ya miti. Njia ya holi ya bustani ya Kew, London, ilipandwa mwaka 1874 wakati wa Joseph Hooker, mkurugenzi wa bustani hiyo, na vichaka vya siku zile sasa ni miti mikubwa. Weka matandazo ya sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina. *Ilex aquifolium*, holi ya kawaida ya Ulaya, haitaki maji yaliyotuama. *Ilex verticillata* ya Marekani hupenda unyevu, na *Ilex mitis*, ndugu yao wa milima ya Afrika Mashariki, huota kando ya vijito.

Holi huchukia kuguswa mizizi. Ukilazimika kuuhamisha mti, fanya hivyo Septemba au Oktoba, pamoja na donge lote la udongo. Majani yakipukutika baadaye, usiung'oe: kwa kawaida huo utachipua tena. Wa kuhofia ni ule ambao majani yake yanakauka huku yameng'ang'ania tawini.

Kwenye holi za majani ya rangi mbili, kata kila tawi la kijani kitupu hadi lilipochipukia. Jani la kijani hutengeneza chakula zaidi, kwa hiyo tawi hilo hukua haraka na mwishowe huumeza mti mzima.

Viraka vya njano na kahawia kwenye majani ni kazi ya funza wa nzi *Phytomyza ilicis*. Mti mdogo, chuma majani hayo, mkubwa, uache. Madoa meusi wakati wa baridi na mvua huenda ni *Phytophthora ilicis*, kimelea kinachofanana na kuvu, na hilo ni zito zaidi: kata matawi yaliyougua siku kavu, safisha mkasi kwa spiriti, zoa majani yaliyoanguka.

Usizalishe aina zenye majina kwa mbegu. Huchukua mwaka mmoja na nusu au zaidi kuota, na miche haifanani na mama. Agosti, kata vipandikizi vya sentimita 10, kwangua gome sentimita 2 upande mmoja chini, chovya kwenye homoni ya mizizi, funika kwa plastiki.

Majike yasiwe karibu na uwanja wa watoto, maana matunda yake mekundu hutapisha. Wapaliliaji wapewe glavu za ngozi: jani la holi lililokauka bado linachoma.