Umeme ukikatika, usishike swichi bado

Mwaka wangu wa kwanza wa ufundi hapa Tanga niliponzwa na giza. Umeme ulikatika mchana, nikasema ndiyo nafasi yenyewe, nikafungua swichi ya mteja. Bisibisi ikiwa bado ndani, umeme ukarudi. Mkono ulikufa ganzi mpaka begani, na bisibisi tuliikuta chini ya kochi. Tangu hapo, umeme uwepo usiwepo, nazima mein swichi, naibandika utepe, na nawaambia watoto wa nyumba asiiguse mtu hata kama ni mechi. Nyumba yenye inveta, ile ya betri inayowasha taa umeme ukikatika, nayo naizima.

Juzi bibi mmoja wa Chumbageni aliniita nimfungie dima, swichi ya kupunguza mwanga, sebuleni, macho yake hayapendi mwanga mkali usiku. Kabla ya kutoa bisibisi nilipanda kutazama balbu. Taa za tyubu na enajisava za kawaida hazikubali dima. LED zinakubali zile tu ambazo kasha lake limeandikwa dimmable. Zake hazikuwa hizo, tukatuma mtu dukani. Wati nazo usizisome juu juu: dima ya wati 400 mara nyingi imehesabiwa kwa balbu za kizamani. Kama karatasi yake haisemi wati za LED, mimi sivuki wati 40 za LED. Na dima ya taa usiifunge kwenye feni, mota itanguruma na kuchemka.

Tesita, kile kipimo cha kuonyesha kama waya una umeme, ijaribu kwanza kwenye soketi yenye umeme. Tesita iliyokufa itakwambia waya nao umekufa. Ndipo uzime mein swichi, ulegeze skrubu mbili za swichi, uivute nje taratibu na upime kila waya. Piga picha kwa simu kabla hujachomoa chochote, na andika waya upi ulikuwa penye alama ya COM na upi penye L1, zilizoandikwa nyuma ya swichi. Rangi usiziamini. Kwenye nyumba za zamani utakuta nyekundu na nyeusi, mpya ni kahawia na bluu, lakini huo mweusi au bluu ukiwa kwenye swichi mara nyingi ndio unaorudi kwenye taa, na taa ikiwaka una moto kama mwenzake.

Waya wa moto unaingia penye L ya dima, wa taa penye alama ya wimbi au mshale. Fuata karatasi iliyokuja nayo. Kila waya ukishaubana, uvute kidogo. Ukichomoka sasa, ni bahati yako. Ule wa kijani na njano ni wa ethi, unaokwenda ardhini kwa usalama, usiukate. Ukikuta waya zaidi ya hizo, kama kwenye taa ya ngazi yenye swichi mbili, rudisha kama ulivyokuta na umwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Dima ina tumbo nene kuliko swichi. Boksi la bibi lilikuwa fupi, na kulazimisha kungebana waya mpaka ganda lake la plastiki lichubuke, kwa hiyo nilichimba ukuta, nikaweka lenye kina.

Rudisha umeme ukiwa umeshaifunga dima ukutani. Mwanga ukicheza ukiwa chini kabisa, dima nyingi zina kiskrubu kidogo cha kurekebisha hapo. Dima ikiwa vuguvugu, si neno. Harufu ya plastiki, zima mara moja.

Bibi aliizungusha kama mara kumi hivi, akaiacha juu kabisa. Alikuwa akitafuta sindano yake.